Tulipokwenda Kuwapima Wageni wa Timau na Karurumo

Akina mama wenzangu wa Nkubu, safari hii ilianzia kwenu, ingawa hakuna aliyeniambia niende. Mnakumbuka ile Jumapili tulipokaa nje ya kanisa tukingoja mvua ipungue? Mmoja wenu alisema Wazungu wa Timau wamefanikiwa kwa sababu wao ni watu wa mpango, baba anapanda mti akijua mjukuu ndiye atakayeukata. Mwingine akamkatiza akisema Mzungu si kitu siku hizi, twende tukawaone Wachina wa Karurumo, waliokuja juzi na masanduku ya nguo tu na sasa tarafa nzima inawauzia makadamia. Binti yangu Makena, aliyekuwa amekuja kunichukua, akasema hao si Wachina, ni Wavietinamu. Mkacheka, mkasema ni yale yale.

Mimi sikucheka sana. Makena alikuwa na nafasi mbili za kazi mkononi na hamkujua. Amesomea usindikaji wa vyakula, na kwa muda mrefu alikuwa akikaa nyumbani kama wengine wengi. Sasa Erik, Mzungu wa Timau mwenye ng'ombe wa maziwa, alitaka mtu wa kusimamia chumba chake cha jibini kwa mshahara. Naye Lan, yule mama wa Karurumo, alitaka mwenzake katika kazi ya makadamia. Hakuwa anatafuta mfanyakazi. Alitaka mtu wa kugawana naye faida na hasara. Makena alikuwa amemsaidia kwa wiki chache msimu uliopita, na moyo wake ulikuwa huko.

Moyo wangu mimi ulikuwa Timau. Nimekuwa afisa wa kilimo miaka mingi, nimezoea kupima udongo kabla ya kumwambia mtu apande nini. Nikamwambia Makena, kabla ya kuchagua twende tuone watu hawa wawili wamefika wapi, na watu wa kwao hufika wapi. Akakubali, kwa sharti kwamba tusikae sana njiani.

Tuliondoka Jumatatu asubuhi kwa pikapu ya kaka yangu, Makena akiendesha. Pale Makutano tulisimama kununua mkate na majani ya chai ya kuwapelekea wenyeji wetu, tukangoja malori yaliyojazana pale yapishane, kisha tukashika njia ya Nanyuki. Barabara inapanda bila kupumzika. Migomba inakwisha, kahawa inakwisha, baridi inaingia kupitia dirisha lisilofunga vizuri. Ukifika juu, mkono wa kulia nchi inashuka mpaka kwenye ukavu wa Isiolo, ambao kwa mbali unaonekana kama moshi. Mkono wa kushoto ni mashamba ya ngano, na juu yake mlima, siku hiyo umejifunika.

Mchana tulifika kwa Erik. Kutoka lami mpaka nyumbani kwake ni barabara ya udongo mweusi inayopita katikati ya malisho. Alitoka mwenyewe kutupokea, mzee wa miaka sitini hivi, sweta limetoboka kiwiko.

"Muga, Mama Makena," akanisalimia kwa Kimeru, kisha akaendelea kwa Kiswahili cha huku kwetu. "Ingieni, hii baridi haina heshima."

Akatutembeza. Niliona ng'ombe waliolishwa vizuri, maji ya bomba kila zizi, na chumba cha jibini cheupe mpaka nikaogopa kuingia na viatu vyangu. Makena aliuliza maswali ya kazi yake na Erik akamjibu bila kumdharau. Moyoni nilikuwa nimekwisha kuamua.

Alasiri, tukinywa chai kwenye baraza, nikamuuliza lile swali letu la nje ya kanisa. Nyinyi Wazungu mmewezaje kukaa na mali kizazi baada ya kizazi, na sisi shamba likigawanywa mara mbili linabaki la kupanda sukuma wiki?

Erik aliweka kikombe chini.

"Mama, babu yangu alifika hapa akapewa shamba. Alipewa. Kulikuwa na watu wanachunga hapa, wakaambiwa wahame. Akapewa na mkopo, na reli ya kupeleka siagi yake. Mtu akianzishiwa hivyo, ukisema amefanikiwa kwa akili, unamsifu bure."

"Lakini wewe umeitunza," nikasema.

"Nimeitunza. Na wale wa ng'ambo ya bonde walipewa kama sisi. Mmoja alikunywa shamba lake lote. Mwingine aliuza mwaka wa uhuru akaenda zake, nasikia huko kwao alikuwa anauza tiketi kwa basi." Akatazama ng'ombe. "Watoto wangu hawarudi. Kwa hiyo hata sijui namtunzia nani."

Maneno hayo nilipaswa kuyatafakari. Badala yake niliyahesabu kama adabu ya tajiri, anayejishusha ili mgeni asione haya. Nikaomba chai nyingine.

Jumanne mvua ilinyesha toka alfajiri. Ule udongo mweusi ukawa kama unga uliokandwa, na pikapu yetu haikuwa na nguvu ya kupita hapo. Erik akasema hakuna taabu, atatuvuta kwa trekta mpaka lami. Makena akawa amekwisha kuvaa koti.

Nikasema tungoje ikauke. Sikuwa na sababu nzito. Gari lilikuwa la watu, matope ni mengi, na kusema kweli nilikuwa nimependa pale. Mke wa Erik alikuwa ameahidi kunionyesha bustani yake ya maua mvua ikitulia.

"Mama, nilimwambia Lan tutafika leo," Makena akasema.

"Si umpigie simu? Kesho si mbali."

Akapiga. Nilimsikia akieleza habari za mvua, kisha akasikiliza. Alipokata nikamuuliza Lan amesemaje.

"Amesema hakuna shida. Ati tuje pole pole."

Basi tukabaki. Nilionyeshwa bustani. Makena alishinda kwenye chumba cha jibini akisaidia kugeuza yale mabonge kwenye rafu, na jioni Erik akaniambia binti yangu ana mkono mzuri. Nikafurahi kama mtu aliyeuza mazao yake yote siku moja.

Jumatano barabara ilikuwa imekauka kiasi cha kupitika. Tukashuka mpaka Meru, tukapita Nkubu yetu bila kusimama, nikawaona wengine wenu sokoni mkipanga ndizi, nikapunga mkono. Kutoka hapo njia ni ya kupinda na kushuka mabondeni, kila bonde na mto wake. Darajani Nithi, ambapo magari mengi yameanguka, Makena alipunguza mwendo kabisa mpaka tulipopanda upande wa pili. Baada ya Chuka tukavuka mto Thuci, tukaingia Embu. Huko majani ya makadamia yalionekana kila boma, yameinuka juu ya kahawa, meusi na magumu.

Saa ya chakula cha mchana tulifika Karurumo. Banda la Lan liko nyuma ya maduka, nyumba ndefu ya mabati iliyokuwa stoo ya mahindi. Makena alizima gari, akakaa bila kufungua mlango. Mlango wa banda ulikuwa wazi na ndani hamkuwa na kitu. Sakafuni kulikuwa na alama tu, pale mashine za kubangua zilipokuwa zimesimama.

Mama mmoja alikuwa akifagia maganda. Makena akamtambua, Mama Njeru, jirani aliyekuwa akiongoza wanawake wa kuchambua kokwa.

"Mmechelewa," Mama Njeru akasema, si kwa ukali. "Lori limebeba mashine asubuhi. Mwenye nyumba alikuja jana. Kuna mnunuzi mwingine wa makadamia alikuwa anataka hii stoo. Mwenye nyumba akamwambia Lan, kama uko na mwenyeji wa kuweka sahihi na wewe, leo, nakupatia miaka mingine mitano. Kama hauna, nampatia huyo. Lan alimngojesha hapa mpaka jioni. Alimpikia mpaka chakula."

Makena alishika mlango wa gari. "Na kwa nini hakuniambia? Niliongea na yeye jana!"

Lan alitokea nyuma ya banda akiwa na fungu la majani ya dania. Ni mwanamke mfupi, wa umri kama wangu nilipokuwa nasomesha Makena sekondari. Alisikia swali na akalijibu kabla ya salamu.

"Ningesema, ungekuja haraka. Na mvua, na barabara mbaya, na mama yako ndani ya gari." Akanigeukia. "Karibu, Mama Makena. Kuna chakula."

Hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze, na haikunimeza. Tulikaa kwenye benchi nyuma ya banda. Alitupa tambi katika supu ya kuku, imejaa dania na pilipili, na bakuli la makadamia zilizokaangwa na chumvi. Mumewe, akatueleza, alikuwa amerudi kwao mwanzo wa mwaka kumwuguza baba yake. Peke yake hakuweza kununua, kusimamia na kutafuta soko, ndiyo maana alimtaka Makena. Mashine hakuwa na mahali pa kuziweka, kwa hiyo jana usiku alikubali kumwuzia mtu wa Thika aliyekuwa akizitaka siku nyingi.

"Tutafute stoo nyingine," Makena akasema. "Hata Runyenjes. Tuanze na mashine moja."

Lan akatikisa kichwa. "Wiki mbili, mimi naenda kwetu. Nimechoka, Makena. Jana nilikuwa sijachoka. Leo nimechoka."

Mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi, kwa aibu, nikatafuta la kusema, na nililolipata ni lile lile nililotoka nalo nyumbani. Nikamwambia tunasikia Wavietinamu ni watu wa bidii, popote waendapo hustawi. Je, ni malezi ya kwao?

Alitabasamu kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo hilo mara nyingi.

"Mama yangu alikuwa na kaka wawili. Baada ya vita walitoka kwetu kwa mashua moja. Wakafika Ulaya. Mmoja akapelekwa mji uko na kazi, na kanisa likamsaidia na nyumba. Sasa yuko na mikahawa mitatu. Mwingine akapelekwa mji wa kiwanda, na kiwanda kikafungwa. Amefagia stesheni mpaka amekufa, kwa chumba cha kukodi. Alikuwa anaamka mapema kuliko yule wa mikahawa." Akanisogezea bakuli. "Mama mmoja, baba mmoja. Sasa niambie, Wavietinamu wanafanikiwa ama hawafanikiwi?"

Mama Njeru, aliyekuwa akila pamoja nasi, akasema kwa sauti ndogo, "Na sisi tulikuwa tunakuita Mchina."

"Mwanzo nilikuwa nakataa," Lan akasema. "Halafu nikaacha."

Alasiri tuliagana. Lan alimshika Makena mikono yote miwili. Mama Njeru alitupa mfuko wa makadamia za shambani kwake, akasema afadhali tule sisi, maana broka wa barabarani sasa atanunua kwa bei anayotaka mwenyewe.

Tukashika njia ya kurudi. Karibu na Chuka nilianza kuomba msamaha, nikataja matope, nikataja gari la mjomba wake. Makena hakuyatoa macho barabarani.

"Mama, matope nimesamehe," akasema. "Lakini umekaa na Lan nusu siku. Umemuuliza watu wa kwao wanaendeleaje. Yeye mwenyewe hukumuuliza. Bwana yake hayuko, kazi imekufa jana, na hakuna mtu alimuuliza, 'Na wewe uko aje?'"

Tulifika Nkubu jua likizama, na kila mmoja akaenda kupanga vitu vyake.

Hiyo ndiyo safari. Makena yuko Timau sasa, anafanya kazi nzuri na analipwa kwa wakati. Anakuja nyumbani mwisho wa mwezi na kipande cha jibini. Wengine wenu mmekionja, mkanipongeza. Hapendi kuzungumzia kazi. Erik naye amemwambia wazi kwamba shamba likiuzwa hawezi kumwahidi kitu. Lan amekwisha kuondoka. Nilipata namba yake kwa Makena, nikampigia kumuuliza lile nililopaswa kumuuliza pale kwenye benchi. Simu haikupatikana, na naona haitapatikana.

Mtanirudishia swali lenu Jumapili, kwamba nimekwenda, nimeona, basi ni kabila gani la wageni linalojua kutafuta mali. Nitawaambia kwamba babu wa mmoja alipewa shamba na serikali ya wakati wake na hata hivyo mjukuu hajui nani atamrithi, na mwingine alifanya kazi kwa mikono yake mpaka akakosa sahihi moja. Zaidi ya hapo sijui, na sitaki tena kuonekana kama najua. Ninachokijua ni kwamba Jumanne ile mwanamke mmoja wa Karurumo alimngojea mtu wa pili mpaka jioni, na mtu huyo alikuwa Timau akigeuza jibini, kwa sababu mama yake alitaka kuona maua.