Nilitafuta katuni ya Krismasi ambayo mama hafi

Wakuu salaam, na wale wakubwa zangu humu shikamooni.

Uzi huu hauna chai hata tone, ni mambo yaliyonikuta kweli. Anayetaka chai aende jukwaa la mahusiano. Mimi naandika kwa sababu Krismasi imepita na bado kuna kitu kimenikaa kifuani.

Nipo Chonyonyo, Karagwe. Fundi ujenzi, na nina kishamba cha migomba na kahawa. Watoto wawili: Elia yupo darasa la kwanza, na mdogo wake wa kike, Koku, bado hajaanza shule.

Mama yao alifariki baada ya Pasaka. Aliugua muda mfupi tu. Hapo sitaandika zaidi, mtanisamehe.

Wazazi wangu walitoka Burundi kuja kuchuma kahawa za watu huku, wakanizaa, wakazikwa hukuhuku. Sina kaka wala dada. Wakwe wapo Nyakatuntu, upande wa Kyerwa, ila mama mkwe tangu msiba hajasimama vizuri na sikutaka kumpelekea kelele za watoto.

Kwa hiyo Krismasi hii tulikuwa sisi watatu na redio.

Sasa kuna neno. Huku kwetu yatima anaitwa enfuzi. Tangu msiba, kila mtu alikuwa akilisema kwa huruma. "Wapeni enfuzi maandazi." "Wapisheni enfuzi wakae mbele." Koku akawa analisikia na kupewa maandazi. Akadhani ni jina zuri.

Siku moja anacheza na mtoto wa jirani, akamwita kwa furaha, "Enfuzi, njoo!"

Mama wa yule mtoto alitoka ndani kama moto. "Koma! Mwanangu ana mama yake. Enfuzi ni wewe!"

Simlaumu sana. Huku kumwita hivyo mtoto mwenye mama ni kama kumtakia mama yake kifo. Lakini Koku hajui hayo. Alirudi ndani, na tangu siku hiyo akaacha kwenda kucheza. Akisikia watoto barabarani anajifunika kanga ya mama yake. Mimi kujenga nyumba ya mtu najua, ila mtoto aliyenyamaza nilikuwa sijui namshika wapi.

Nikasema basi, angalau Krismasi nimtafutie katuni. Kitu cha upole. TV ndogo ninayo, sola ipo.

Nikaenda sentani kwa Mzee Rajabu, anayeingiza muvi na nyimbo kwenye flashi. Asili yake Tanga, ila amekaa huku mpaka Kinyambo anakiongea kwa lafudhi ya pwani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba Elia. Krismasi yenu hiyo inakuja, wataka nini?"

Nikampa masharti. Isiwe na madude ya kutisha. Isiwe na kelele. Isiwe zile zilizotafsiriwa, maana jamaa wanaotafsiri wanamtangaza malaika kama wanatangaza mpira. Na la mwisho, mama asife.

Mzee akaniangalia. Akavuta kiti akanikalisha, tukaanza kukagua moja moja.

Wakuu, hivi hawa watengeneza katuni walifanywa nini? Ya kwanza, mama wa swala amekufa hata jina la muvi halijatokea. Ya pili, mtoto kapotea kwenye theluji analia mama. Ya tatu nikasema hii salama, kumbe yule mama ni wa kambo na ana roho ya kutu. Mzee Rajabu, ambaye Krismasi si sikukuu yake, alikuwa anasonya kuliko mimi. "Wallahi hawa hawana huruma na watoto wa watu!"

Mwishowe tukapata ya familia ya dubu. Mama dubu anapika, anapamba mti, anaimba, basi. Nikafurahi kama nimeokota hela.

Wakati ananikabidhi flashi akasema, "Nimekutilia na ile ya kifaranga wa bata. Haina mama, lakini ina upole sana. Nafasi ilibaki."

Nikamwambia hiyo nitairuka.

Krismasi ikafika. Tukaenda kanisani, tukarudi, nikapika ndizi na nyama. Nyumba ya jirani ilikuwa imejaa ndugu kutoka Mwanza na Dar, wanacheka mpaka kwangu nasikia. Kwangu kijiko kikigusa sahani nakisikia. Mvua ikaanza. Nilijisikia mpweke, wakuu, acha kabisa.

Nikawasha dubu.

Mama dubu akapika. Elia akaangalia kidogo, kisha akatoka akakaa barazani kutazama mvua. Mama dubu akawafunika wanawe blanketi, akawabusu mmoja mmoja. Koku akageukia ukuta.

Nikaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimekimbia mama anayekufa, nikawaletea mama aliye hai, anayefanya yote ambayo kwetu hakuna wa kuyafanya.

Ile ya bata ikaanza yenyewe. Natafuta rimoti siioni, kumbe Elia ametoka nayo. Kifaranga mmoja anatembea peke yake jioni ya Krismasi, anapita kwenye madirisha ya watu yenye taa.

Koku akageuka. "Baba, mama yake yuko wapi?"

"Hayupo."

"Ameenda kwa Mungu?"

"Ndiyo, mama."

Akamtazama tena yule kifaranga. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ni enfuzi?"

Lile neno hakuwa amelitamka tangu siku ile. Nikajikaza nikasema ndiyo.

Mtoto akaruka! "Elia! Elia, njoo! Kuna enfuzi mwingine!"

Nawaambia alikuwa na furaha. Elia akaja mbio, wakakaa sakafuni wakimshangilia yule bata mpaka bata mzinga mzee akamfungulia mlango, akampa nafasi karibu na moto. Ikaisha, wakaomba irudiwe.

Katikati ya marudio Koku akanipandia mapajani. "Baba, na wewe mama yako yuko wapi?"

"Alifariki zamani. Na baba yangu pia."

Akaniangalia kwa makini sana. "Kumbe na wewe ni enfuzi."

Sikuwahi kujiita hivyo. Mtu mzima na ndevu zangu. Nikasema, "Kumbe na mimi."

"Basi tuko wanne," akasema, akionyesha bata kwa kidole.

Nililia, wakuu, mbele yao, na hakuna aliyeogopa. Elia alinipa kipande chake cha ndizi.

Kesho yake Koku alichukua senene wa kukaanga kwenye kikombe, akatoka kwenda kucheza. Ile kanga aliiacha kitandani.

Nilichojifunza: nilidhani katuni ya upole ni ile isiyo na huzuni. Mwanangu alihitaji kuona mwenye huzuni kama yake akifunguliwa mlango.

Wazazi wenzangu, mnawachagulia nini wadogo? Na wewe uliyewahi kubaki na watoto peke yako sikukuu, ulifanyaje? Shusheni komenti, nasoma zote. Wenye katuni nzuri nitajieni, nimpelekee Mzee Rajabu anitafutie. Si lazima mama awe hai.