Mchana Chukua, Usiku Punguza

Juzi jirani yangu kampata yaya sokoni, msomaji wangu, tena huku anachagua vitunguu. Akamwuliza, "Kupika unajua? Watoto unawapenda?" Yule akajibu ndiyo na ndiyo, na vitunguu vikarudi nyumbani vimebebwa na yaya. Nilicheka peke yangu njiani mpaka watu wakanipisha. Maana kwetu, wakati wa Wadachi, yaya mmoja aligharimu asubuhi nzima, kibuyu cha pombe ya ndizi, na nusura machozi yangu yote.

Tulikaa mlimani, juu ya Maji ya Chai, ambako mto una rangi ya chai kweli. Mtoto aliyewahi kuuonja akitafuta sukari ni mimi. Mama alifariki sijaota hata jino, akanilea mdogo wake, mama mdogo, nyumbani kwa Bibi. Mchana alinibeba mgongoni hata miguu yangu ilipokuwa mirefu ya kuburura majani ya migomba. Usiku tulilala ngozi moja, akinisimulia hadithi za fisi mpaka mmoja wetu asinzie. Kwa kawaida alisinzia yeye, na fisi bado ana njaa.

Basi kule chini, kwenye shamba la kahawa, mke wa bwana shamba akajifungua. Akataka mtu mmoja wa kufanya yote: kulea, kufagia, kupika, kufua. Mnyapara wake akapanda kwetu, kiboko kwapani, akasema mama mdogo ateremke kesho na ngozi yake, atalala hukohuko jikoni.

Bibi alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Mwanangu, mtu haokotwi kama kuni. Anayemtaka aje mwenyewe, aketi, anywe."

"Mama, yule ni Mzungu!" akasema mnyapara.

"Kwani Wazungu hawaketi?"

Mimi nilikwisha kushika shuka ya mama mdogo, na sikuiachia mpaka kesho yake.

Akaja kweli yule mama Mdachi, juu ya punda, kamkumbatia mtoto kama tikiti, na mtoto kavaa kofia juu ya kofia. Bibi akampa kigoda na kibuyu. Majirani wote wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi karibu na uzio wetu.

Shida ikawa lugha. Mama Mdachi alikijua Kiswahili cha kuamrisha tu: njoo, leta, upesi. Bibi naye alikijua cha sokoni tu: chukua, punguza, ongeza. Mnyapara alipofungua mdomo atafsiri, wote wawili walimnyamazisha.

"Kazi! Mchana, usiku! Upesi!" akasema mama Mdachi, akimnyooshea kidole mama mdogo.

"Mchana chukua," akajibu Bibi. "Usiku punguza."

"Usiku leta!"

"Punguza."

Mama Mdachi akainua kidole kimoja: kwa juma zima, mara moja mama mdogo alale kwetu. Bibi akakitazama kidole kile kama ndizi iliyooza. "Ongeza." Vikawa viwili. "Ongeza." Vikawa vitatu, na hapo mgeni akasimama amfuate punda wake. Mimi nilivikodolea macho vidole vile kama mwenye njaa anavyotazama nyama.

Mtoto akaamka, akalia. Mama mdogo, bila kutumwa na mtu, akamchukua, akamvua kofia ya juu, akamfunga mgongoni, akayumba kidogo. Kimya. Mate yakamtiririka begani. Mama Mdachi akaketi tena, akanywa pombe, akanywa tena.

Bibi akatabasamu. "Binti yangu, mrudishe mtoto wa watu."

Akamfungua. Loo! Mtoto alipiga ukelele hata punda akamwitikia.

"Chukua!" akapiga kelele mama Mdachi, kwa neno alilotoka kulisikia kwa Bibi. "Chukua, chukua!"

"Usiku?" akauliza Bibi, taratibu kabisa.

Mama Mdachi akamtazama mtoto, akamtazama punda. Akafungua kiganja chote, kisha akaongeza vidole viwili vya mkono wa pili. Saba.

Nje ya uzio watu wakapiga vigelegele kama kwenye harusi.

Tangu hapo mama mdogo aliondoka alfajiri na kurudi kabla ya mbuzi, ananukia sabuni ya watu. Usiku ulikuwa wangu, mchana ukawa wa yule mtoto, nami nilimwonea wivu wa kweli, nikamwombea ahamie mbali.

Vita vikaja, Wadachi wakaondolewa. Mtoto, sasa wa miaka mitatu, alipakiwa kwenye gari la ng'ombe akilia kwa Kimeru chetu, mama yake haelewi hata neno. Siku hizi shamba lina bwana mwingine. Bibi amelala chini ya migomba yake, na sijasikia tena mtu akipanda mlima kwenda kumbembeleza yaya.

Siku ile mtoto alipoondoka, mimi nilicheza ngoma peke yangu. Mchana na usiku, vyote vyangu! Nikakimbia kumtafuta mama mdogo. Nikamkuta njiani, jua la utosini, anatazama chini shambani. Mikono kaiweka nyuma, kiganja juu ya kiganja, na alikuwa akiyumba taratibu.