Korosho za Saada Kwenye Ramani

Saada hakuwahi kuona tembo shambani kwake, na hilo ndilo lililomkosesha raha tangu Agosti.

Mwezi huo watu wa ramani walikuja kijijini kwetu, kata ya Mkotokuyana. Walichora kijiji kizima kwa majivu kwenye uwanja wa shule: mto, msitu, mashamba. Walitaka kujua wanyama wanapita wapi ili njia zao zilindwe. Kila mtu akapewa konzi ya korosho mbovu, aweke moja kila mahali alipoona tembo. Basi, sisi tunajuana. Ikavuma kwamba penye korosho nyingi ndipo watakapowekwa askari wa kufukuza tembo, na ghafla kila mtu akawa ameona tembo. Mzee Ausi aliwaona hadi msikitini. Saada aliimwaga konzi yake yote kwenye shamba lake.

Alikuwa na sababu. Ni mjane. Shamba lile la mikorosho na ufuta alilifyeka marehemu mumewe, Mustafa, na sasa analilima na binti yake, Raudha, ambaye siku hizo alikuwa mjamzito. Msimu ukifika wanahamia huko, kwenye kibanda cha nyasi.

Septemba habari zikageuka. Hakuna askari. Shamba litakaloangukia kwenye njia ya tembo litafungwa, na mwenyewe atatafutiwa mahali pengine. Saada akakonda. Chai ilikuwa inapoa mbele yake. Alimwuliza mwenyekiti wa kijiji kama korosho zile zinaweza kuondolewa. Akajibiwa asubiri mkutano. Nilimwambia aache woga, wote tulidanganya. Akanijibu kwamba sisi wenzake tuna mashamba mawili matatu, yeye analo hilo tu.

Mkutano ukaja Oktoba, korosho zikidondoka. Alimwacha Raudha shambani akiokota, akaja peke yake. Ramani, safari hii ya karatasi, ilitundikwa ukutani, na ukanda mwekundu ulipita katikati ya shamba lake. Alisimama kabla mwenyekiti hajamaliza kutukaribisha.

“Mimi niliongopa,” alisema. “Kwangu sijaona tembo hata siku moja. Ufuteni huo mstari.”

Watu wakacheka, wengine kwa kujistukia. Shakila, dada kutoka Ruangwa aliyesimamia kazi ya ramani, hakucheka. Akaeleza kwa upole kwamba korosho zetu waliziweka kando siku ileile, maana kwa hesabu yetu tembo wangekuwa wengi kuliko watu. Ukanda ule ulitokana na tembo jike aliyevishwa kola ya kutuma ishara. Kila nukta ni mahali alipopita. Akamwomba Saada aonyeshe kibanda chake. Saada akafuata mto kwa kidole, kisha njia ya mguu, akasimama. Nukta zilikizunguka kidole.

“Hizi ni za Mei, mama,” Shakila alisema. “Zote za usiku.”

Mei ni mavuno ya ufuta. Walikuwa wamelala mle, yeye na Raudha. Saada akakumbuka asubuhi moja alipokuta nyasi zimelazwa nyuma ya kibanda, akaenda ofisi ya kijiji kuwashtaki wafugaji na ng'ombe wao. Ufuta haukuguswa, ndiyo maana hakuwafikiria tembo. Shakila akasema ufuta hawaupendi sana. Wanachopenda ni mabibo.

Hapo uso wa Saada ukabadilika, nami nikaogopa naye. Mabibo yalikuwa yametapakaa chini ya kila mkorosho wake.

“Leo yuko wapi?” Saada aliuliza.

Shakila akafungua simu, akakawia. Nukta ya mwisho, ya alfajiri, ilikuwa kando ya mto, karibu kabisa na shamba. Raudha hakupatikana kwenye simu. Kule mtandao haushiki. Saada alishatoka, nasi tukamfuata mbio.

Raudha hawezi kuokota korosho bila kuimba. Tulipofika kwenye mikorosho ya kwanza, kulikuwa kimya. Alikuwa amekaa mlangoni mwa kibanda, ameziba mdomo kwa kanga, na nyuma ya kibanda mkorosho ulikuwa unatikisika. Saada hakumwita. Alivua ndala, akaenda taratibu kumchukua.

Wiki iliyofuata, ukanda ulipopigiwa kura, mkono wa Saada ndio uliokuwa wa kwanza juu kuukubali. Kisha akalia, kwa sababu shamba lilikuwa la Mustafa.