Doa Lisilofanana na Ndugu Zake

Daktari wa ngozi husalimia mgongo kwanza, uso baadaye. Huzima taa, hudondosha mafuta kidogo kwenye ngozi, kisha hulaza juu yake kioo cha kukuza chenye mwanga na kukisogeza doa kwa doa, akitazama wavu wa rangi ulio ndani ya kila moja na kunong'ona. “Huyu na huyu ndugu. Wavu mmoja, rangi moja. Haya, kaeni kwa amani.” Mikono yake ni baridi kama ya mtu aliyetoka kuosha maiti.

“Dakta, unawaongelesha kama kuku,” binti akacheka, amelala kifudifudi. Shangazi yake hakucheka. Kaka yake, baba wa binti huyu, alilala kitanda hikihiki mwaka juzi, na doa moja likampeleka kaburini. Shangazi alikuwa akisali kimoyomoyo kioo kilipofika chini ya bega na kusimama. Mnong'ono ukakatika. “Huyu si wa ukoo huu,” daktari akasema. “Wavu umevunjika, upande mmoja umetoa michirizi kama mizizi.” Kisha, bila kuinua kichwa wala kufungua faili: “Mama, la kaka yako lilikuwa hivihivi. Michirizi hii naikumbuka.” Shangazi akahisi marehemu yumo chumbani.

“Tumechelewa tena?”

“Lile lilinifikia limeshazama. Hili, kwa ninavyoona, bado liko juujuu. Tunalikata leo.”

“Mungu ashukuriwe.”

Daktari alimwita nesi alete sindano ya ganzi, na muda wote huo hakuondoa kidole juu ya lile doa, kana kwamba lingeweza kutoroka.