Kompyuta ya Mochari

Niliitwa mochari kwa sababu kompyuta ilikuwa inaganda. Karani, mzee mpole aliyevaa sweta hata wakati wa joto, alibofya orodha ya miili isiyotambuliwa. Ukurasa ukabaki mweupe, mashine ikavuma, kisha ikazimika.

Kwenye benchi mlangoni alikaa mama mmoja kutoka Otonglo. Mumewe alikwenda kuvua ziwani, hakurudi. Kila alipokuja aliambiwa mashine imegoma.

"Si umpeleke tu ndani aangalie?" nilimuuliza karani.

"Bwana, hao wa ziwa wengine hawana uso tena. Kwa picha namwonyesha nguo kwanza."

Nilikaa kitini pake. Aliyetengeneza mfumo ule aliuagiza ulete kila mwili uliowahi kuandikishwa, na picha zake zote kubwa, kwa mpigo mmoja. Memori ya mashine ile kuukuu haikuweza kuzibeba. Nikabadilisha: seva ilete miili michache kwa kila ukurasa, ya karibuni ikitangulia, maelezo mafupi tu. Picha isije mpaka mtu aibofye, na ukihamia ukurasa mwingine, ule wa nyuma ufutike kwenye memori.

Ili kujaribu kazi yangu ilinibidi nifungue picha. Nilifungua kadhaa, nikatoka nje kunawa uso bombani.

"Mama, kuja," karani aliita.

Orodha ilifunguka kabla hajakaa sawasawa. Karani akamsomea taratibu: mwanamume, ameokotwa ufuoni, jezi ya kijani. Mama akainua mkono kumsimamisha. Karani akabofya, picha ya jezi ikatokea papo hapo, begani imeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Hiyo uzi niliweka mimi," alisema.

Hakulia. Alinigeukia.

"Siku zote ilikuwa inakataa. Leo imefanya nini?"

"Nimeitengeneza, Mama."

"Ungeiacha, nyathina, mwanangu. Hata mpaka kesho tu."

Alitoa simu, akampigia shemeji yake kwa Kijaluo, sauti imetulia kama anayeagiza unga.

Nilipoanza kufunga begi, habari kwamba mashine inafanya kazi ilikuwa imefika getini. Watu wakaanza kupanga foleni, na karani akaniomba nibaki kidogo, isije ikaganda tena. Nilibaki. Haikuganda.