Chai ya Mfiwa

Kwa kazi yake alikuwa dobi wa hospitali. Alifua mashuka ambayo watu walizaliwa juu yake na mashuka ambayo watu walifia juu yake, na yote yalitoka mikononi mwake meupe, hujui lipi ni lipi. Lakini kwenye jumuiya hakuna aliyemwita dobi. Walimwita Mama Sufuria.

Jina lile lilimwingia polepole, kama unyevu unavyoingia ukutani. Alipoolewa na kuhamia mtaa ule, alijiunga na jumuiya ndogo ya kanisa inayosali nyumba kwa nyumba, na siku ya kwanza akaosha vikombe kwa sababu hakujua akae karibu na nani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wao hawakungoja hata hiyo ya pili. Bibi mmoja alimkabidhi ufunguo wa stoo ya vyombo, akamwambia, "Nishikie kidogo, mwanangu." Bibi yule akazeeka, akafa, na chai ya maziko yake ikapikwa na yuleyule aliyeambiwa ashike kidogo.

Tangu hapo haikupita harusi wala msiba bila yeye kuinama mekoni, macho mekundu kwa moshi. Wenzake wakiimba ndani, yeye aliitikia kutoka uani. Sala ya mwisho ilimkuta akisuuza. Na mzee wa kanisa, mwenye sauti tamu na suti iliyochakaa viwiko, hakuchoka kuhubiri kwamba Wakristo ni mwili mmoja. Mwili, sawa. Lakini katika mwili ule wote walitaka kuwa kinywa.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Hakuwa mtu wa sala nyingi, ila kila mkewe aliporudi alimuuliza, "Haya, leo wamehubiri nini?"

"Sijui, baba. Nilikuwa kwenye sufuria."

Akacheka, akamvua viatu.

Mtu huyo alikufa kwa kifua, asubuhi, hospitali ileile. Shuka alilofia lilikuwa na kiraka pembeni. Mkewe alilitambua, kiraka kile alikishona mwenyewe. Akarudi nyumbani akakaa sakafuni, akaegemea ukuta. Hakutaka neno wala sala. Alitaka kitu kimoja tu: mtu aje akae hapo ubavuni kwake, asiondoke.

Jumuiya ilikuja, siwezi kusema haikuja. Ilikuja yote, ikajaa sebuleni mpaka barazani, ikaimba vizuri sana. Mzee wa kanisa akasimama, akaanza habari za kuchukuliana mizigo. Akiwa katikati ya mizigo, katibu wa jumuiya, mama wa makamo aliyevaa nguo nyeupe ya usharika, alipita kwa magoti hadi kwa mjane. Mjane akamwinulia mikono, akidhani anakuja kumkumbatia.

"Pole, mama. Pole sana. Ile sufuria kubwa tumeileta. Kwa watu hawa majani ya chai huwa unaweka kiasi gani?"

Na yeye, kwa mazoea yaliyomla mpaka mfupani, akainuka. Akajifunga kanga kiunoni, akatoka uani, akapiga magoti, akapuliza moto. Sebuleni pale pote hapakuwa na mtu aliyeona ajabu. Hata mmoja! Wakaendelea na ubeti wa pili.

Aliyeona ni wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na begi mkononi.

"Wifi! Unafanya nini hapo?"

"Napika chai."

"Chai ya nani?"

"Ya msiba."

"Msiba wa nani, wifi yangu?"

Hapo ndipo alipoelewa. Aliinuka na majivu magotini, akaingia sebuleni, mwiko mkononi, na wimbo ukakatika wenyewe.

"Kilio huanza mfiwa, nakubali," alisema. "Na chai nayo ianze mfiwa? Mume wangu hajapoa, mnaniuliza majani! Misiba yenu yote mimi nililia na kuni. Leo nimepata msiba wangu, mnaninyima hata huo!"

"Mama, tuliza moyo," mzee wa kanisa alisema kwa ile sauti tamu. "Shetani hupenda kupitia hasira…"

"Shetani gani, mzee? Shetani hanywi chai! Ninyi ndio mnaokunywa!"

Mtu fulani mlangoni alicheka, akajiziba mdomo. Mzee akatazama viatu vyake.

"Mnaniita Mama Sufuria. Haya, jina langu nani? Nani humu anajua jina langu?"

Walitazamana. Fedheha ile haikuwa na pa kukaa, maana viti vyote vilikuwa na watu.

Katibu ndiye aliyetoka kwanza. Alipiga magoti mekoni na nguo yake nyeupe, akapuliza, akakohoa, akajaza majani kwa kukisia, mpaka chai ikawa nyeusi kama dawa ya viatu. Mzee wa kanisa alivua koti, akaenda bombani na ndoo. Hakuhubiri njiani.

Katibu aliporudi, masizi yalikuwa yamempanda hadi shingoni. Mjane alikuwa amerudi sakafuni, ameegemea ukuta wake; naye akakaa ubavuni kwake, bega kwa bega.

"Silijui jina lako," alisema. "Niambie."

"Sikwambii. Nina hasira na wewe."

"Kuwa nayo. Nitakaa nayo hapa hapa."

Mjane alitaka kumsukuma. Mkono ukamgusa, ukamshika, na kilio kikatoka, kikubwa, kibaya, kisicho na wimbo. Huko nje chai ikapanda, ikafurika, ikachuruzika motoni kwa kishindo cha mvuke. Yeye ndiye aliyeisikia kwanza. Akajikaza ainuke.

"Iache," katibu alisema, akimzuia kwa bega. "Imwagike."