Herufi ya Mvua, Picha ya Barafu

Taimi alikuwa amefunga matairi ya watu kwa miaka thelathini na minne, kando ya ziwa, mashariki ya Finland, na bado asubuhi za Novemba zilimchukua kama usingizi. Theluji ilishuka taratibu hata ukadhani ni gereji inayopaa. Yeye husimama tu na kahawa yake, akizitazama lebo za matairi mapya: pampu ya mafuta na wingu la mvua, kila moja na herufi yake, A ikiwa bora na E dhaifu, spika ya kelele, na siku hizi kijilima cha barafu, alama ya tairi linaloshika barafu. Mafundi wenzake walisema lebo ni za wasiojua kazi. Waseme, yeye alizipenda.

Asubuhi hiyo binti yake Sointu, mwalimu wa kisiwani, alishusha matairi manne aliyojiagizia mtandaoni. Ziwa likishaganda vizuri, angelivuka kwa gari kila siku.

"Haya, fundi mkuu, kosoa," alisema. "Mafuta A, mvua A. Yale unayoniuzia wewe yana E. Hata mwanafunzi wangu mvivu hapati E."

"Kilima cha barafu kiko wapi?"

"Mama, usinianze. Ni ya baridi, imeandikwa."

"Baridi ya kusini huko, ya mvua na tope. Mpira huo unashika lami iliyolowa, barafu haiujui. Haya ya E ndiyo yenye kilima. Lakini asiyejua maana haambiwi maana."

Sointu akacheka. "Mbona baba ulimfungia ya A? Ulivyojisifu, nakumbuka."

Taimi aliweka kikombe chini.

"Lebo za wakati ule hazikuwa na kilima," alisema. "Kidole kiliniambia mpira huu mgumu, nikaamini herufi. Baba yako alipokufa kwenye ajali ile, watu wakasema alisinzia kwenye usukani, nikawaacha waseme. Hakusinzia, Sointu. Aliteleza."

Miaka tisa alikuwa ameyameza maneno hayo, na sasa yalipotoka aliona aibu tupu, wala si nafuu.

Sointu alikaa juu ya matairi yake ya A, akiangalia theluji. Kisha akainuka, akabingirisha tairi moja la E mpaka miguuni pa mama yake.

"Nifungie haya," alisema. "Wewe mwenyewe, mama. Sitaki fundi mwingine."

Taimi alishika spana. Sointu akapiga magoti kando yake, wakaishika wote wawili.